Plagi za Ford F-150 5.4: jinsi ya kuzitoa bila kuzikata

"Shikamoo fundi. Naishi Des Moines, Iowa, na kazi yangu ni kuhamisha samani kwa pikapu yangu, Ford F-150 ya mwaka 2006, injini ya lita 5.4. Imetembea maili 128,000 na kwa ninavyojua plagi hazijawahi kubadilishwa tangu itoke kiwandani. Mwezi uliopita ilianza kumisi ninapopanda mlima na mzigo, taa ya injini ikawaka, mashine ya kupimia ikasoma kodi (namba ya kosa) P0304. Nimekwenda gereji mbili. Moja imekataa kabisa kuzigusa plagi. Nyingine inakubali, ila nisaini kwamba kila plagi itakayokatika nitaongeza pesa. Shemeji yangu ni fundi Temeke, yeye anasema nisikubali kuliwa: niwashe injini ipate moto vizuri, nimimine mafuta ya kulainisha kutu mpaka shimo lijae, halafu nivute spana kwa bomba refu, mara moja, kwa nguvu. Nina gereji ndogo nyumbani na vifaa vya kawaida. Nifanye mwenyewe? Na ikikatikia ndani, injini ndiyo imekufa?"

Marahaba, ndugu yangu. Una hofu mbili hapo: kwamba plagi itakatikia ndani ya injini inayokulisha, na kwamba gereji zinataka kukula. Nianze na ya pili kwa kuwa ni nyepesi. Hawakudanganyi. Injini hiyo inajulikana Marekani nzima kwa plagi zake kukatika, na fundi anayekutaka usaini kabla ya kuanza ni afadhali kuliko yule atakayekushtua na bili jioni. Kuhusu ile ya kwanza: ndiyo, unaweza kuifanya kazi hii mwenyewe kama pikapu inaweza kukaa siku mbili bila kwenda kazini. Na hapana, plagi ikikatika injini haijafa. Ila ushauri wa shemeji yako usiufuate kwenye injini hii. Ni ushauri wa fundi mzoefu, lakini umetoka kwenye injini nyingine.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia injini moja. Angalia VIN, ile namba ndefu iliyo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Tarakimu ya nane ikiwa 5 au herufi V, una 5.4 yenye valvu tatu kila silinda, ndiyo hii ya maneno mengi. Ikiwa W, hiyo ni 4.6 ya valvu mbili, plagi zake ni za kawaida na sehemu kubwa ya maelezo yangu haikuhusu. Injini ya valvu tatu iliingia kwenye F-150 mwaka 2004, ikafuata kwenye Expedition, Lincoln Navigator na Super Duty, na ndugu yake mdogo wa lita 4.6 akawekwa kwenye Mustang. Zote zilizotengenezwa mpaka kuelekea mwisho wa 2007 zina ugonjwa mmoja. Baada ya hapo Ford walibadilisha silinda hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda, ambamo plagi hufungwa) na plagi, na tatizo likaisha.

Kuna mchanganyiko mwingine utakaousikia ukiuliza mitaani. Ford V8 za kabla ya hapo, za valvu mbili, zilikuwa na shida iliyo kinyume kabisa na hii: plagi zilikuwa zinaruka zenyewe kutoka kwenye hedi, kwa sababu nyuzi za kuzishikilia, yaani ile mistari ya skrubu, zilikuwa chache mno kwenye alumini laini. Kwa hiyo mtu akikwambia "plagi za Ford 5.4 hutoka zenyewe," hasemi uongo, anasema habari za injini ya miaka ya nyuma. Yako haziruki. Zako zinagoma.

Sasa, kwa nini zinagoma? Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ukielewa jambo hili hutahitaji kukariri hatua.

Plagi ya kawaida unaijua: juu kuna kaure nyeupe, katikati kuna sehemu ya kukamatia spana, chini kuna nyuzi, na mwisho kabisa kielektrodi kinachochungulia ndani ya silinda. Nyuzi zikiachia, plagi imetoka. Plagi ya injini yako haiko hivyo. Chini ya nyuzi imeongezewa ala, yaani mrija mwembamba wa chuma, usio na nyuzi, ulioteremka ndani ya tundu refu la silinda hedi mpaka kwenye chumba cha moto. Ala hiyo haikuchongwa pamoja na sehemu ya juu. Ni kipande cha pili, kilichounganishwa na cha kwanza kwa kubanwa tu. Kwa hiyo una plagi ya vipande viwili, na kiungo chake kiko mahali ambapo macho yako hayafiki.

Kati ya ala na ukuta wa tundu kuna nafasi ndogo sana. Kila injini inapowaka, moshi wa petroli unaingia kwenye nafasi hiyo na kuacha masizi, moto unayaoka, yanakuwa magumu, yanaongezeka. Miaka ikipita nafasi imejaa na ala imegandishwa kwenye hedi. Unapokuja na racheti, nyuzi za juu zinafunguka vizuri tu, sehemu ya juu inazunguka, lakini ala haizunguki. Kinachoachia ni kile kiungo kilichobanwa. Unatoa nusu ya plagi mkononi, ala imebaki shimoni, na mara nyingi kaure imebaki ndani yake.

Basi utaona kwamba kilichoshika plagi zako si kutu na wala si nyuzi. Ni masizi yaliyookwa, nayo yana tabia ya ukoko wa wali kwenye sufuria: ukiparua kwa nguvu utaharibu sufuria, ukiloweka utatoka.

Turudi kwa shemeji. Ushauri wake una mambo matatu, na kila moja lina sababu yake.

La kwanza, injini ipate moto. Ni kweli alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo hedi ikipata joto, tundu linapanuka kuliko plagi. Lakini fanya hesabu: tundu la milimita 16, joto likiongezeka digrii 70 za Selsiasi, tofauti kati ya alumini na chuma ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Kipimo hicho kinaweza kusaidia nyuzi zilizobana kidogo. Kwa ala iliyozungukwa na masizi magumu hakisaidii kitu, na papo hapo alumini yenye moto huwa rahisi zaidi kukwanguka na kung'ang'ania chuma. Wapo mafundi wazuri tu hapa Marekani wanaozitoa injini ikiwa vuguvugu na wanakwambia wanafanikiwa. Siwapingi kwamba wamefanikiwa. Lakini wao wamezitoa nyingi mno na mikono yao inajua inachosikia, tena wana vifaa vya kuokolea mezani. Ford wenyewe, katika waraka wao wa kiufundi namba 08-7-6 wa mwaka 2008, wanaagiza injini ipoe mpaka joto la kawaida la chumba, na mtu anayefanya mara ya kwanza nitamwambia afuate hivyo bila kubishana.

La pili, kujaza mafuta ya kutu. Hapa pana makosa mawili. Mafuta ya kutu hulegeza kutu, na hapa tunapambana na kaboni, kwa hiyo unahitaji dawa ya kusafishia kabureta. Pili, plagi ikiwa imekazwa, imekaa kwenye kiti chake na kuziba kabisa. Ukimimina kitu juu yake, hata ndoo nzima, kitabaki juu. Hakishuki kwenye ala mpaka uilegeze plagi kidogo. Na ukishailegeza, kikiwa kingi, kitashuka mpaka ndani ya silinda na kukaa juu ya pistoni. Kimiminika hakibanwi. Ukipiga stata pistoni ikakutana nacho, kinachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Hapo ndipo injini inapokufa kweli, na itakuwa imeuawa na dawa, si na plagi.

La tatu, kuvuta mara moja kwa bomba refu. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kukiachia kile kiungo. Nguvu unayoitia juu inapita kwenye kiungo kabla ya kufika kwenye ala, na kiungo ndicho dhaifu kuliko vyote. Vilevile usitumie mashine ya upepo ya kufungulia nati za magurudumu.

Usimlaumu shemeji. Kwenye Toyota za petroli anazozifanya kila siku plagi ni fupi na za kipande kimoja, na ikigoma kidogo, joto na mkono mzito vinamaliza kazi.

Kabla hujafungua chochote, kuna kipimo kidogo cha kufanya. P0304 inasema silinda namba nne haichomi sawasawa. Haisemi kwamba plagi ndiyo mbaya. Kwenye injini hii silinda 1 hadi 4 ziko upande wa abiria kuanzia mbele, 5 hadi 8 upande wa dereva, kwa hiyo namba nne ni ile ya mwisho kabisa upande wa abiria, imejificha karibu na ukuta unaotenganisha injini na kabati. Kila silinda ina koili yake ya kuipa plagi umeme, imefungwa kwa bolti moja ya milimita 7. Toa koili ya namba nne, ibadilishane nafasi na ya namba moja, futa kodi, kisha endesha na mzigo kama kawaida. Kodi ikihamia P0301, koili ndiyo mgonjwa. Ikibaki P0304, basi plagi, au buti ya mpira ya koili inayovikwa juu ya plagi, au kitu kingine kwenye silinda hiyo. Ukiwa hapo chungulia shimo la namba nne kwa tochi: maji yaliyotuama au alama nyeupe kwenye buti vinaonyesha kwamba kuna bomba la hita linalovuja juu yake, au injini iliwahi kuoshwa kwa presha.

Koili ikionekana ndiyo mbaya, unaweza kuibadilisha ukarudi kazini kesho, na plagi ukazipangia wikiendi yenye nafasi. Lakini usizisahau. Ford waliziwekea maili 100,000 na wewe umeshazipita. Elektrodi ikilika, cheche inahitaji umeme mwingi zaidi kuruka, koili inafanya kazi kuliko uwezo wake, na hiyo nayo ni sababu mojawapo ya koili kufa. Petroli isiyochomwa inakwenda kuunguza katalitiki, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la moshi. Na kila maili unayoongeza inaongeza masizi kwenye ala. Kwa plagi hizi, kusubiri hakuzifanyi zitoke kwa urahisi.

Kazi yenyewe naipenda ifanyike kuanzia jioni hadi kesho yake. Paki pikapu ndani ya gereji mchana ili hadi jioni injini iwe imepoa mpaka ndani. Des Moines wakati wa baridi kali usifanye kwenye gereji iliyo kama jokofu. Joto la chumba maana yake ni hilohilo, si barafu. Chomoa betri. Toa koili zote nane, ziweke kwa mpangilio ili kila moja irudi kwake. Kisha puliza kila shimo kwa upepo wa kompresa, ukiwa umevaa miwani, mpaka mchanga na majani viishe, maana chochote kilichomo kitaanguka ndani ya silinda plagi ikitoka. Hatua hii ndogo watu wengi huiruka.

Chukua boksi (soketi) ya plagi ya inchi 9/16, ekstensheni ndefu na racheti ya kawaida. Legeza kila plagi kati ya moja ya nane na robo ya mzunguko. Usizidishe. Utasikia "tak" moja kavu, na hapo unaacha. Unachotaka ni kiti cha plagi kifunguke ili dawa ipite, basi. Ukishazilegeza zote nane, tia dawa ya kabureta ndani ya kila shimo, nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja, si zaidi, kiasi cha kufunika sehemu ya kukamatia spana tu. Makopo mengi yanapuliza kwa nguvu na huwezi kujua umetia kiasi gani, kwa hiyo puliza kwenye kikombe cha chuma kwanza, halafu vuta kwa bomba la sindano na utie kwa kipimo. Dawa hii inashika moto haraka sana na mvuke wake unapumbaza. Fungua mlango wa gereji, zima hita yenye moto, usivute sigara, na glavu zisikutoke mkononi.

Waraka wa Ford unasema isubiri angalau dakika 15. Kwa plagi za kiwandani zenye maili kama zako, mimi naziacha usiku kucha. Dakika 15 ni kwa gereji ambayo mteja amekaa nje anasubiri, na wewe hapo mteja ni wewe mwenyewe. Kwa kuwa sasa plagi zimelegea na kuna dawa ndani, ondoa funguo mahali pa wazi, mtu wa nyumbani asije akawasha.

Asubuhi anza na namba moja, ya mbele upande wa abiria, kwa sababu inafikika vizuri na itakufundisha mkono. Ikaze kidogo kwanza, kisha ilegeze. Ikaze, ilegeze. Kila mara songa mbele kidogo kuliko mara iliyopita. Hapa ndipo inabidi usikilize kwa mkono na kwa sikio. Plagi iliyoloweka vizuri inazunguka kwa uzito ulio sawa, mzito lakini laini, kama Nm 45 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) mwanzoni, kisha unapungua kadiri inavyopanda. Iliyogoma inalia. Utasikia mkwaruzo mwembamba wa chuma juu ya masizi, na mpini wa racheti utatetemeka na kurukaruka badala ya kwenda. Ukisikia hivyo simama. Irudishe ndani nusu mzunguko, ongeza dawa kidogo sana, nenda kashughulike na nyingine, rudi baadaye. Hata kama itabidi uiache mpaka jioni. Plagi inayohitaji subira ya saa nne leo ni nafuu kuliko ala iliyobaki shimoni kesho.

Kuna dalili moja ya hatari ya kuijua: plagi ilikuwa nzito, halafu ghafla ikawa nyepesi kabisa, inazunguka kwa vidole. Mara nyingine ni masizi yameachia. Mara nyingine ni kiungo. Huwezi kujua mpaka uitoe, kwa hiyo itoe taratibu, ukiipandisha wima bila kuipindisha.

Ikitoka nzima utaiona: nyuzi zinang'aa, chini yake ala nyeusi yenye gamba, ndefu kuliko ulivyotarajia, na mwisho wake kile kiunzi kidogo cha elektrodi. Kagua kwamba kiunzi hicho kipo na kaure haina kipande kilichobanduka. Ipange kwenye kadibodi uliyoandika namba 1 hadi 8, maana rangi zake zitakwambia habari za kila silinda. Ya namba nne ikiwa imelowa petroli au mafuta wakati wenzake ni wakavu, tatizo lako si plagi peke yake.

Na ikikatika je? Pumua kwanza. Usipige stata, usiingize bisibisi, usitoboe kwa drili, usigonge kwa patasi. Angalia ulichotoa. Kama kaure yote imekuja na sehemu ya juu, na ala imebaki shimoni ikiwa tupu, hiyo ndiyo ajali nyepesi. Kuna kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hii tu, Lisle namba 65600, kinauzwa kwenye maduka ya vipuri. Kinakata nyuzi ndani ya ala, kinajishika humo, kisha unakaza nati yake na ala inavutwa kwenda juu, wima, bila kuzungushwa. Kipake grisi nzito kabla ya kukata ili unyuzi wa chuma ugande humo usianguke kwenye pistoni.

Kaure ikibaki ndani ya ala, kifaa hichohicho kina sehemu ya kuisukuma chini kidogo ili nyuzi zipate mahali pa kushika. Soma maelekezo yake neno kwa neno, kwa sababu ukiisukuma kupita kiasi itatumbukia. Baada ya kuivuta ala, iangalie mwisho wake: kiunzi cha elektrodi kikikosekana, kiko ndani ya silinda. Nasisitiza hili kwa sababu mtu akifurahi kwamba ala imetoka, husahau kuangalia.

Mpaka wako wewe wa nyumbani ni huu: kaure au chuma kikianguka ndani ya silinda, funga kazi, ita gari la kuvuta. Fundi mwenye kamera ya mrija ataona kilipo, na mara nyingi atakitoa kwa mpira mwembamba wa kuvutia hewa au kwa sumaku kama ni chuma, bila kufungua hedi. Kaure ni ngumu kama kioo na ikisagwa kati ya pistoni na hedi inachora ukuta wa silinda na kuharibu valvu. Vivyo hivyo simama kama nyuzi za hedi zimetoka pamoja na plagi, au kama plagi moja imegoma baada ya kulowekwa mara kadhaa.

Plagi zote zikitoka, usirudishe mpya haraka. Kuna dawa iliyoteremka ndani. Toa rilei ya pampu ya petroli, koili ziwe bado zimechomolewa, funika mashimo kwa matambara, rudisha betri, kisha piga stata mara chache fupi ili kilichomo kitoke. Usiinamie injini wakati huo, kwa sababu kinachoruka kinashika moto haraka. Na ukimaliza kazi yote, badilisha oili, maana sehemu ya dawa imepenya kwenye ringi za pistoni na kushuka chini.

Za kurudisha, una njia mbili. Motorcraft SP-515 ni ya Ford wenyewe, lakini bado ni ya vipande viwili. Champion 7989 na Autolite HT1 zilitengenezwa za kipande kimoja kwa ajili ya injini hii. Wapo wanaoshikilia za Ford kwa sababu ndizo zilizopimwa na injini, na wana hoja. Kwa pikapu ya kazi yenye miaka kama yako, mimi ningeweka ya kipande kimoja, maana hata ikishikwa na masizi tena haina kiungo cha kukatika. Yoyote utakayochagua, paka ala yake utando mwembamba wa grisi ya nikeli ya joto kali. Ni kwenye ala tu. Usipake nyuzi, usiguse ncha ya elektrodi. Anza kufunga kwa mkono bila racheti mpaka ifike, kisha malizia kwa spana ya torki kwa Nm 34, yaani futi-paundi 25. Tia grisi ya silikoni kidogo ndani ya kila buti ya koili. Na safari ijayo usisubiri maili 100,000. Zitoe kwenye 60,000, zitakuja kwa amani.

Kama baada ya plagi na koili P0304 imerudi, au injini ikipata moto inagongagonga ikiwa imesimama kwenye taa za barabarani, hapo unahitaji fundi wa kuipima kompresheni na shinikizo la oili ana kwa ana. Injini hii ina udhaifu mwingine kwenye mfumo wa muda wa kemishafti (shafti inayofungua valvu), na huo hautatibiwa kwa plagi.

Uliuliza kama ufanye mwenyewe. Kama pikapu hiyo ndiyo mkate wa watoto na Jumatatu lazima iwe barabarani, peleka gereji. Karatasi yao isaini, ila kabla ya kusaini waulize mambo mawili. Wanazilegeza na kuziloweka kwa muda gani kabla ya kuzitoa? Na wanacho kifaa cha kuvutia ala hapo hapo gerejini, au watakiagiza ikikatika? Anayejibu kwamba anazitoa zote kwa saa moja kwa mashine ya upepo, mshukuru uondoke. Anayekwambia uiache gari tangu jana yake, huyo mpe funguo. Wala usihangaike kuuliza kama Ford watakulipia: kulikuwa na kesi ya pamoja ya wenye magari haya katika mahakama ya shirikisho kule Ohio, ikaisha kwa suluhu, na muda wa kudai umeshapita.